Mkaja wa Torati

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu si mzuri na tahajia yangu inachechemea. Shule niliisomea kambini, upande wa Tanzania, nikaishia darasa la saba, na darasani tulijaa hata mwalimu hakuwahi kunifikia kunisahihisha. Ninaandika polepole. Herufi moja naitazama kwanza kama imekaa sawa, ndipo naihamia nyingine. Kwa hiyo ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe uendelee. Usinicheke kwa sauti. Kimoyomoyo ruhusa.

Ningependa kuwaonyesha picha badala ya kuandika, lakini pale jambo hili lilipoishia picha haziruhusiwi. Mtaona.

Mimi ni mtu wa aibu. Nimewahi kupitishwa kituo changu cha basi kwa sababu sikuthubutu kumwambia mtu aliyekaa pembeni anipishe, nikarudi kwa miguu kwenye theluji, nikasema moyoni afadhali. Naishi Woodbridge, Marekani, kwa dada yangu. Sisi ni Wakongomani, shemeji ni Mtanzania, kwa hiyo Kiswahili cha nyumbani kwetu kina pande mbili. Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja Myahudi, Falls Church, ghorofa ya nne. Miezi ya mwanzo tuliongea habari za chai, dawa na baridi, basi. Kiingereza ninacho, ila hukaa nyuma ya meno, hakitaki kutoka.

Kilichonifungua mdomo ni sindano.

Siku hiyo nilimkuta Bibi dirishani, uzi mkono huu, sindano mkono huu, analia kwa hasira. Mikono yake siku hizi inatetemeka, na tundu la sindano lilikuwa linamkimbia. Magotini alikuwa na mkanda wa kitani cheupe, upana wake shibiri moja, urefu wake ungeweza kutoka sebuleni ukaingia jikoni. Kichwani mwa mkanda kulikuwa na herufi chache za Kiebrania zilizodariziwa kwa buluu. Zilizobaki zilikuwa za penseli tu.

Alinieleza. Kwao, hasa kwa watu waliotoka Ujerumani kama wazee wake, mtoto wa kiume akitahiriwa, kitambaa alichofungiwa siku ile hakitupwi. Kinafuliwa, kinakatwa vipande virefu, vipande vinaungwa kimoja kwa kingine mpaka unapatikana mkanda. Kisha mwanamke wa nyumbani anaudarizi: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, na dua kwamba akue aifikie Torati, aifikie arusi, ayafikie matendo mema. Mtoto akishaacha nepi, anapelekwa sinagogi na mkanda wake, na mkanda huo unafunga gombo la Torati lisifunguke.

"Wanangu niliwadarizia," Bibi alisema. "Wajukuu niliwadarizia. Huyu ni kitukuu wangu wa kwanza, na mikono imekataa. Ataingia na mkanda wa dukani. Uliodariziwa na mashine!"

Alivyolitamka neno mashine, ungedhani anataja jina la mwizi.

Nilimchukulia sindano, nikatunga uzi, nikakaa chini nikadarizi herufi iliyofuata. Kambini sisi wasichana wote tulidarizi: mashuka, vitambaa vya makochi, ndege wawili wanatazamana, waridi katikati, chini yake "Karibu Mgeni". Na wamama wa kambini walikuwa na namna yao ya kupima kazi. Hawatazami mbele. Wanakwambia, "Geuza." Ukigeuza, wakikuta mgongo wa kitambaa una mafundo na nyuzi zilizorukaruka kama kiota cha ndege, watakucheka mpaka ukachote maji mto wa mbali.

Nilipomaliza herufi ile Bibi aliinyooshea kidole. "Geuza," akasema.

Jamani! Nilicheka mpaka nikaangusha sindano. Bibi hakujua ninacheka nini, lakini naye akaanza, na ndipo kwa mara ya kwanza nilimsimulia mtu habari za wamama wa kambini, kwa Kiingereza, bila kuhesabu maneno kichwani kwanza. Nilipogeuza, mgongo ulikuwa safi. Akaitikia kwa kichwa kama hakimu. Tangu siku hiyo mkanda ukawa wetu wawili. Yeye anachora, mimi nadarizi.

Siku ya pili alinitolea boksi lenye karatasi laini, na ndani yake mkanda wa baba yake, uliodariziwa na bibi yake Ujerumani. Kitani kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini nyuzi! Nyekundu bado nyekundu, kijani bado kijani. Herufi zilikuwa ndefu, na ndani yake wanyama wamejificha. Herufi moja shingo yake ni samaki. Nyingine imekaliwa na ndege anayemwuma mwenzake mkia. Bwana arusi na bibi arusi wamesimama chini ya turubai dogo, wameshikana mikono, kofia zao kubwa kuliko vichwa. Makomamanga yamepasuka yanaonyesha mbegu. Na mwisho kabisa, simba, kwa kuwa baba yake alizaliwa mwezi ambao kwao alama yake ni simba, na kitukuu naye amezaliwa mwezi huohuo.

Simba gani yule! Alikuwa na uso wa mtu. Ana nyusi, ana masharubu, na ncha ya mkia wake ni ua.

"Bibi yangu hakuwahi kumwona simba," Bibi alisema. Kisha akanitazama kwa heshima kubwa. "Lakini wewe umewaona."

Hapa Marekani ukisema unatoka Kongo, watu huamini simba alikuwa akipita mlangoni kwenu kila asubuhi kuulizia hali. "Nimemwona mmoja tu," nikamwambia. "Hapahapa Washington, kwenye bustani ya wanyama. Alikuwa amelala, amenipa mgongo."

Bibi alicheka hata nikamletea maji.

Zamani alikuwa fundi wa kurekebisha nguo za masinagogi, kwa hiyo alikuwa na habari nyingi. Alinieleza mapazia ya mahameli yanayotundikwa mbele ya kabati la Torati, yenye simba wawili wanaonyanyua taji, nyuzi za dhahabu zimezungushwa juu ya kamba mpaka taji linavimba kama mkate. Aliwahi kushika joho la gombo lililoshonwa kutokana na gauni la bibi arusi. Ukilipapasa, unaona mahali mkono wa gauni ulipokuwa. "Kwetu kitambaa kizuri hakifi," alisema. "Kinahama. Kinatoka mwilini kinakwenda kwa Torati."

Neno hilo nililiweka. Sikujua kwamba litakuja kuniokoa.

Nilidarizi majira yote ya kupukutika majani na baridi yote. Herufi zile sizijui hata moja, ila niliziandika zote. Na niseme ukweli: sijawahi kufurahi kuandika namna ile. Shuleni walinisubiri kwa kuguna. Sindano haiguni. Mwendo wangu wa polepole ndio mwendo wake.

Mwisho akabaki simba peke yake. Nilikuwa namkwepa. Bibi alikuwa amemchora kwa penseli mwishoni mwa mkanda, na nyusi zake, na masharubu yake, na mimi kila nikimtazama naona atanishinda. Sasa siku ilikuwa imepangwa: mtoto anapelekwa sinagogi Jumamosi. Na kwa Bibi jua likizama Ijumaa ni Sabato, sindano haishikwi tena. Kwa hiyo simba alitakiwa awe amekamilika Ijumaa kabla ya jua kuzama, la sivyo mtoto anaingia na mkanda wa mashine.

"Nenda nao nyumbani," Bibi aliniambia mwanzo wa wiki. "Alhamisi usije kazini. Kaa na simba."

Niliuviringisha mkanda nikautia ndani ya foronya nyeupe, nikauweka juu ya kitanda changu, Woodbridge. Sikumwambia mtu ni kitu gani. Dada alijua tu kwamba nadarizi. Kisha nikarudi kwa Bibi kulala kazini, na usiku wa kuamkia Alhamisi zamu yangu ikaisha.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mama mkwe wake alikuwa ametua kutoka Tanga kuja kumlea mzazi. Huyu mama ni mtu wa sauti. Akikusalimia umesalimika. Alikuja na masanduku mawili, moja likapotelea uwanja wa ndege, na ndilo lililokuwa na vitu vyote vya uzazi: liwa, manjano, mafuta ya nazi, na mkaja. Wasiojua mkaja ni nini, ni kile kitambaa kirefu chembamba anachofungwa mzazi tumboni, kikavutwa, kikazungushwa, kikavutwa tena, ili tumbo lirudi mahali pake. Kwa mama wa Tanga, mzazi bila mkaja ni nyumba bila ukuta.

Manjano na mafuta yalipatikana dukani. Mkaja hauuzwi Woodbridge.

Mnajua tayari, eh? Mimi sikujua. Alhamisi niliingia nyumbani nikiwa nimejipanga kumkabili simba, nikamkuta dada sebuleni amekaa wima kwenye kochi kama mheshimiwa anayesubiri wimbo wa taifa. Kuanzia chini ya maziwa mpaka nyongani alikuwa amefungwa mkanda wangu. Ndege wanachungulia mbavuni. Bwana na bibi arusi wako kitovuni chini ya turubai lao. Torati, arusi na matendo mema vimemzunguka kiuno raundi baada ya raundi, na vyote vinang'aa mafuta ya nazi na manjano.

Kabla sijavuta pumzi, nilikumbatiwa.

"Mwanangu wee! Mwenye adabu zako!" Mama alinibana kifuani. "Mkaja wangu umepotea, nimelia, namwambia mwanangu nitamfunga nini mkeo? Naingia chumbani kwako kutafuta shuka, naukuta! Tena umedariziwa! Umemdarizia dada yako mkaja kimyakimya, hata yeye hukumwambia! Tanga nzima hakuna mzazi aliyefungwa mkaja kama huu!"

Mdomo wangu ulifunguka. Kilichotoka ni, "Asante, Mama."

"Na dua juu yake!" Akapapasa herufi kwa kidole. "Nimejaribu kusoma. Nikaona si Kiarabu. Nikasema basi, haya ni maandishi ya kwao Kongo."

Dada alinitazama. Yeye anajua vizuri kwamba kwetu Kongo hatuna maandishi hayo. Lakini alikuwa amebanwa, amekandwa, ameshiba uji wa pilipili manga, na usingizi unamvuta. Alikunja nyusi tu, akalala amekaa vilevile wima.

Wakati wa chakula nilijikaza. "Mama, ule mkaja..."

"Ndiyo, mwanangu?"

"...umekaa vizuri."

"Umekaa kama umepimwa!" akasema Mama, akaniongezea samaki.

Asubuhi ya Ijumaa nilimpelekea dada uji. Alisubiri mpaka Mama aingie kuoga, akanishika mkono. "Wewe una nini? Tangu jana unanitazama tumbo kama mtu aliyeona nyoka."

Nikamnong'oneza yote. Dada akaanza kucheka, lakini mtu aliyefungwa mkaja hacheki. Hewa haina pa kwenda. Akawa anatoa sauti kama birika. "Usinichekeshe, nitapasuka! Kwa hiyo mimi ni gombo?"

"Mwambie Mama," nikamsihi. "Wewe ni mkwe wake."

"Thubutu! Sema mwenyewe. Leo utasema."

Mama akatoka bafuni, kanga kifuani, akatukuta hivyo. "Kuna nini?"

Nilifumba macho. Nikasema yote kwa pumzi moja: mtoto, tohara, kitambaa, bibi anayetetemeka, sinagogi, kesho, jua kuzama, simba. Sikuwahi kumwambia maneno mengi kiasi kile mtu yeyote wa rika lake. Nilipofumbua macho Mama alikuwa amekaa kitako kwenye zulia.

"Nimemfunga mkwe wangu," akasema taratibu, "kwa nguo ya Torati ya Musa?"

"Ndiyo, Mama."

"Musa huyuhuyu? Nabii Musa?"

"Huyohuyo."

"Astaghfirullah." Akashika kichwa. Kisha akainuka kama askari. "Haya, simama, mwali, tukufungue! Lakini ngoja. Tumbo la mzazi haliachwi wazi hata dakika. Lete kitambaa kirefu."

Kitambaa kirefu kilikuwa kimoja tu: kikwembe changu kipya, kitenge cha maua ya zambarau, nilichokiweka kwa ajili ya Pasaka. Mama alikitia meno pindoni, akakichana. Krrrr! Sauti ile bado naisikia. Tukamsimamisha dada katikati ya sebule. Yeye anajizungusha, mimi navuta mkanda upande huu, Mama anamfunga kikwembe upande ule, wote tunaenda mbio, dada anapiga kelele, "Kizunguzungu!" na kicheko kimerudi kwa kuwa sasa kina nafasi. Shemeji akatoka chumbani amembeba mtoto, akatuona, akarudi ndani akafunga mlango.

Tukauingiza mkanda kwenye beseni. Nikaupaka sabuni ya mche. Papo hapo madoa yote ya manjano yakageuka mekundu.

"Damu!" Mama akapiga ukelele. "Nguo inatoka damu! Nilijua!"

Mimi nikakaa ukingoni mwa bafu. Dada ndiye aliyetuokoa, yeye aliyenizidi kusoma, akasema kutoka kochini, "Manjano yakikutana na sabuni yanakuwa mekundu, suuzeni tu!" Tukasuuza, na wekundu ukarudi kuwa manjano, kama vile hakuna kilichotokea. Tukasugua, tukasuuza, tukasugua. Nyuzi zangu, ashukuriwe Mungu, hazikuchuja. Madoa yakafifia moja baada ya jingine mpaka likabaki moja, kubwa kama kiganja, la dhahabu, limekaa mwisho wa mkanda.

Mahali pa simba. Na penseli ya Bibi ilikuwa imefutika yote.

Tuliukausha mkanda kwa mashine ya dada ya kukaushia nywele. Mimi nililia, sitaficha. Simba wa Bibi hayuko, mahali pake kuna doa, na jua halinisubiri. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, kisha upande mwingine.

"Mbona huyu hapa?" akasema. "Tazama. Kichwa hiki. Mgongo huu. Mkia umeinuka. Rangi keshapakwa. Wewe mzungushie uzi tu."

Nikatazama. Wallahi, kama asemavyo yeye. Doa lilikuwa simba.

Shemeji alipoambiwa atupeleke Falls Church alicheka kicheko cha dereva. "Ijumaa? Mchana? Barabara ya tisini na tano? Mnataka kufika Ijumaa hii au ile nyingine?" Lakini alichukua funguo. Mama akavaa koti la shemeji juu ya baibui. "Aliyeharibu ni mimi," akasema. "Siwezi kumwachia mtoto huyu, huyu akifika atasema asante tu."

Nilikuwa nimepanga kudarizi nikifika. Tulipoingia barabara kuu tukakuta magari yamesimama kama yamepaki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliishukuru foleni. Gari lililosimama ni chumba. Nikatoa sindano. Mama akaushika mkanda kwa mikono miwili kiti cha nyuma, ameuvuta kama ngozi ya ngoma, nami nikaanza na kichwa.

"Shemeji, usitembee!" nikapiga kelele. Mimi! Nilipiga kelele!

"Sitembei hata nikitaka," akajibu.

Mama alikuwa anafuatilia kila mshono. "Mbona unamtia nyusi?"

"Wa zamani ana nyusi."

"Anafanana na karani wa kodi."

"Mama, wewe umewahi kumwona simba?"

Akafikiri. "Kwenye noti ya elfu mbili."

"Naye ana nyusi?"

"Sikumbuki. Noti hazikai kwangu."

Shemeji kule mbele alikuwa anatutangazia jua kama mtangazaji wa mpira. "Jua liko juu ya miti... jua linashuka upande wa kulia... bado, bado lina nguvu!" Nikamaliza masharubu. Nikaanza mdomo, na hapo foleni ikaachia ghafla, gari likaruka, na sindano ikapanda juu. Mdomo wa simba ukapinda kuelekea sikioni.

"Anacheka!" Mama akasema.

"Nifumue?"

"Usifumue! Acha acheke, ana sababu!"

Mgongo, miguu, makucha, nikaenda mbio kama sijawahi kwenda. Nyuma ya kitambaa nilijua kinachotokea. Nyuzi zilikuwa zinaruka, mafundo yanajaa. Nilikuwa najenga kiota. Tulipoegesha gari chini ya ghorofa ya Bibi, simba alikuwa mzima isipokuwa ncha ya mkia.

Bibi alikuwa kitini kwake dirishani. Mishumaa ya Sabato ilikuwa mezani, haijawashwa. Alimtazama Mama na baibui lake na koti la kiume, akamtazama shemeji, akanitazama mimi. Sikusubiri aibu inikamate. Nilisema. Nilisema kwa Kiingereza, kwa makosa yangu yote, mpaka mwisho: mkaja, manjano, sabuni, penseli.

Bibi aliuinua mkanda akaunusa.

"Nazi," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulimfunga nani?"

"Dada yangu. Amejifungua."

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Na tumbo la mama limekaza?"

Shemeji akatafsiri. Mama akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kujaza ghorofa, "Mwambie limekaza kama ngoma!"

Bibi akaanza kutabasamu kuanzia jicho moja. "Kama mkanda huu ungekuwa umeshafunga Torati," akasema, "usingeruhusiwa kushuka kufunga kitu kingine. Lakini haujafika bado. Umeanza kwa mtoto, umepitia kwa mama, kesho unakwenda kwa Torati. Kitambaa kinahama, sikukwambia? Huu umezunguka kidogo tu." Kisha akanyoosha kidole. "Geuza."

Ee Mungu. Niligeuza. Herufi zote safi, ndege safi, makomamanga safi, na pale mwisho, kiota. Bibi alikitazama, akaniagiza boksi. Akautoa mkanda wa baba yake, akaufungua mpaka mwisho, na simba wa nyusi akamgeuza.

Nilikuwa sijawahi kuona mgongo wake. Mafundo! Nyuzi zimeruka kutoka mguu hadi sikio, za kijani zimechanganyika na nyekundu, fundo moja kubwa kama punje ya mahindi. Mtu yule aliyefanya herufi safi namna ile alifika kwa simba akakimbia.

"Bibi yangu naye alikuwa na Ijumaa yake," akasema Bibi.

Mama alipotafsiriwa alijipiga paja. "Mwambie wa Ujerumani hakuwa na foleni! Huyu wetu ana udhuru!"

Jua lilikuwa linagusa paa za upande wa pili. Nikamtungia Bibi sindano, maana mkia nilikuwa nimemwachia yeye. Mkono wake ukatetemeka. Mama, bila kuulizwa, akapiga magoti akaushika kifundo kwa vidole vilevile vilivyomkanda dada, akautuliza, na Bibi akapiga mishono michache, myekundu, imekaa hovyo, ncha ya mkia ikawa ua. Akakata uzi. Akawasha mishumaa.

Jumamosi tulikwenda. Mama alisema mkaja ni wake kwa sehemu, hawezi kuusikia kwa simulizi. Alitoa simu apige picha, akaambiwa kwa upole kwamba siku ya Sabato hapana, akairudisha mkobani akaketi kwa adabu. Gombo lilisomwa, likakunjwa, likasimamishwa. Kitukuu wa Bibi, mtoto mwenye mashavu kama maandazi, akainuliwa na baba yake, wakauzungusha mkanda pamoja, raundi baada ya raundi. Mimi na Mama tulitazamana. Tulikuwa tumeuona ukizungushwa hivyohivyo.

Walipouchomeka mwisho wake, Mama akashindwa. Akapiga vigelegele.

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Nilitaka sakafu inimeze. Ndipo kutoka viti vya nyuma mwanamke mmoja mzee, baadaye alituambia alizaliwa Moroko, akajibu kwa vigelegele vyake, virefu kuliko vya Mama. Mama akageuka kama aliyeitwa na ndugu yake, akajibu tena. Watu wakaangua kicheko, watoto wakaanza kurusha peremende, desturi yao ya furaha, na Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu alikuwa anafuta machozi kwa mkono unaotetemeka bila kuuficha.

Mtoto akaweka kidole chake juu ya simba, aliyekuwa amebaki upande wa nje. "Anacheka," akamwambia baba yake.

Sasa naja kwenye ombi langu. Dada amemaliza kufungwa, na kile kikwembe cha zambarau nimekifua na kukipiga pasi. Bibi anasema mtoto wa kike naye ana haki ya mkanda, hata kama kwetu desturi hiyo haipo, tutaianzisha sisi. Jina la mtoto nimeshalidarizi, polepole. Mwisho nimeacha nafasi ya mnyama, na sijui nimtie mnyama gani. Naomba mniandikie. Mpeni barua aliyewapa kurasa hizi, itanifikia. Niambieni kwenu mkaja mnauitaje, na mnichoree mnyama mmoja, hasa yule ambaye hamjawahi kumwona kwa macho yenu. Msiogope mwandiko. Mimi nitausoma taratibu.